Kobe Asiyepumua

Wambui wangu,

Umetoka saa nane kwenda Kimbo kumuaga cucu wako, nyanya aliyekulea, na mimi nimebaki hapa Thika na Kobe. Yuko mbele ya nyumba, nyuma ya pikapu yako, ulimwacha amekunjwa na kufungwa kamba, tayari kwa safari ya kesho. Kila bati lake nililichomelea kwa mikono yangu, lakini leo nimekwenda dukani kwa kuzunguka nyuma ya nyumba ili nisipite karibu naye. Mzee mzima na mvi zake anaogopa trela. Cheka sasa, maana ukifika mwisho wa barua hii sijui kama utakuwa na hamu ya kucheka nami.

Barua hii sikuikusudia. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Jana Jumapili baada ya kanisa nilianza, nikaishia kukuuliza kama umejaza upepo kwenye magurudumu. Asubuhi ya leo nikaanza tena, ukanitazama na yale macho ya mama yako, nikakuuliza habari ya gurudumu la spea. Ukaniambia, "Dadi, si umeniuliza hiyo jana? Relax bana, Kobe ako sawa." Kobe hayuko sawa, Wambui. Hajawahi kuwa sawa.

Sitakwambia ule vizuri, usali, wala ujihadhari na wanaume wa huko Nyahururu. Cucu wako atakuwa ameshakujaza hayo hadi masikioni. Mimi nitakuandikia kuhusu Kobe tu, uzuri wake na ubaya wake, kwa sababu unadhani unamjua.

Ulikuwa na miaka mitatu nilipomtengeneza. Nilikuwa fundi wa kuchomelea kwenye gereji moja huku Eneo la Viwanda, na kazi yetu ilikuwa kuunda maboksi ya malori ya kubebea nyama na maziwa, yale yenye kuta nene za bati mbili na sponji ngumu katikati. Siku moja akaja mzungu mmoja na trela yenye ekseli iliyokatika. Ilikuwa fupi, imelala kama meza. Akafungua vyuma viwili, akasukuma, na mapaa mawili magumu yakainuka yakakutana juu kama viganja vya mtu anayesali. Akasimamisha kuta mbili za pembetatu ubavuni, na hapo palipokuwa na meza pakawa na nyumba, ina kitanda na dirisha na mlango. Mafundi wote tuliacha kazi tukaja kutazama.

Wenzangu walipokwenda kula chakula cha mchana, mimi nilibaki na futi yangu nikaipima ile trela yote, hadi bawaba. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Mama yako alikuwa na kibanda cha sweta za mitumba kule Kiuu, na kila wiki alipanda Kinangop kwenye soko la Njabini, ambako watu wanavaa sweta mwaka mzima. Ili apate nafasi nzuri sokoni ilimbidi alale huko, kwenye vyumba vya kukodi vyenye kunguni na milango isiyofungika. Nilikuwa siupendi ule usingizi wake wa mbali. Nilitaka kumpa nyumba atakayokwenda nayo.

Nilimjenga Kobe kwa miezi saba, jioni na siku za Jumamosi, kwa vipande vilivyobaki vya kuta za malori ya nyama ambavyo bosi wangu alikubali nichukue. Jina la Kobe ulimpa wewe. Ulimwona akikunjwa ukasema, "Ameficha kichwa!"

Sasa sikiliza. Niliiga kila kitu cha yule mzungu isipokuwa kimoja. Trela yake ilikuwa na matundu manne yenye wavu, mawili chini karibu na sakafu na mawili juu karibu na kilele. Nilimuuliza ni ya nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Hewa. Wewe hapana funga." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, na moyoni nikamcheka. Nilijiambia, huyu hajalala Njabini mwezi wa saba. Mimi niliona matundu manne ya kuingiza baridi, vumbi na panya, nikaona fundi wa Ulaya amezembea na fundi wa Thika atamrekebisha. Sikuyatoboa. Badala yake nikazungushia mlango na maungio yote ile raba nene ya milango ya malori ya nyama, inayozuia hata harufu isitoke.

Siku ya kumjaribu nilimwingiza mama yako ndani, nikafunga, nikamwambia apige kelele kwa nguvu zake zote. Nilisimama nje nimeweka sikio kwenye bati na sikusikia kitu. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Alipotoka alikuwa anapumua kwa haraka, akasema, "Haiya, Baba Wambui, huku ndani ni kama kukaa ndani ya chupa." Nilimwambia hiyo ndiyo sifa.

Uzuri wake upo na sitaudhulumu. Akikunjwa ni mfupi kuliko pikapu, kwa hiyo upepo wa Thika Road haumsukumi, na unaona nyuma yako bila shida. Mtu mmoja anaweza kumfungua kabla chai haijachemka. Hema la turubai mwizi analipasua kwa wembe akakuvua blanketi ukiwa umelala, lakini ukuta wa Kobe utamtoa jasho. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi unakunja na kwenda zako, wakati mwenye turubai anakaa akisubiri jua limkaushie, na asipolisubiri, turubai linaota ukungu. Mama yako alikuwa akifika Njabini siku moja kabla ya soko, anachagua nafasi karibu na lango, na wenzake walimwonea wivu. Miaka minne Kobe alitulisha. Karo yako ya kwanza ilitoka kwenye mgongo wake.

Ubaya mdogo mdogo utaujua mwenyewe ndani ya wiki moja. Usiache kitu kirefu kitandani, paa halitashuka. Utasimama wima katikati tu, na kwa vile urefu umeuchukua upande wangu, utagonga kichwa hadi ushike adabu. Upepo ukivuma ubavuni usimfungue, paa litadakwa likuponyoke mikononi. Ukucha wangu wa kidole gumba, ule uliokuwa ukiuita mbegu ya parachichi, aliula yeye.

Ubaya mmoja tuliuona na hatukuutambua. Asubuhi kuta zilikuwa zikitoka jasho. Maji yalitiririka kwenye bati hadi kwenye godoro, na mama yako akawa anapangusa kwa leso huku akisema nyumba inalia. Nilimwambia ni baridi ya nje. Ilikuwa pumzi yetu sisi wenyewe, Wambui, haina pa kwenda.

Miaka kumi na minne Kobe amekaa chini ya turubai nyuma ya nyumba hii. Huenda unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, umekuja kwangu likizo, mkicheza kujificha na watoto wa jirani. Ulijipenyeza ndani yake ukafunga mlango. Nilikutafuta nikiita jina lako na hukunisikia, na mimi nikajua kwa nini hukunisikia. Nilipofungua ulikuwa unacheka. Nilikupiga kofi ukaanguka. Ni kofi la pekee nililowahi kukupiga, na kwa siku mbili hukusema nami. Nilikwambia ni kwa sababu ungeharibu bawaba.

Utauliza kwa nini basi sikumkata vipande. Nilimwendea na grainda mara moja. Nikawaza watu wataniuliza kwa nini naharibu mali nzima, na sikuwa na jibu ninaloweza kulitoa mbele za watu. Ndiyo hiyo sababu iliyonifanya nikubali pia ulipopata hii kazi ya kufunga pampu za sola mashambani, ukaja mbio ukisema, "Dadi, rent ni ya nini na tuko na Kobe? Nahama naye shamba kwa shamba, nasave pesa yote." Ningekataa ungeuliza sababu. Nikaona ni rahisi zaidi kukupa ufunguo. Huo ndio uoga wangu mimi, unavaa nguo za ukarimu.

Leo saa kumi cucu wako akanipigia. Unajua hana maneno mengi kwenye simu. Akaniambia, "Baba Wambui, mtoto yuko hapa anakunywa uji. Ameniambia amenunua jiko, ati baridi ya huko haitamweza. Utamwambia, ama nitamwambia?"

Nilimjibu nitakwambia. Akakata simu.

Nikaenda kwa Kobe, nikafungua kamba nikamkunjua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama hadi kwenye lile sanduku chini ya kitanda. Nikakuta sweta zako, taulo, Biblia ya mama yako, na nyuma ya hivyo vyote jiko jipya la udongo na bati, bado lina karatasi, pamoja na mfuko wa makaa. Umelipanga vizuri sana, umelizungushia gazeti lisivunjike. Nilikaa kwenye kile kitanda kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wewe ulikuwa na miaka saba, tumekuacha Kimbo. Kwa kawaida mama yako alikwenda na mwenzake wa sokoni, lakini wiki ile mwenzake alikuwa mgonjwa, nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye. Tulipika wali na ndengu nje ya Kobe. Manyunyu yakaanza, yale ya Kinangop yasiyoisha. Tukaingia ndani, akavaa sweta tatu za biashara moja juu ya nyingine, na bado meno yakawa yanagongana. Nikamwambia, "Wacha nilete jiko ndani."

Akasema, "Si tutaumwa na kichwa?"

Nikamwambia, "Kichwa ni ya moshi. Moshi imeisha, makaa imeshika, iangalie ilivyo nyekundu."

Hivyo ndivyo nilivyoamini. Hivyo ndivyo watu wengi huku kwetu wanavyoamini hadi leo, kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana neno. Katika nyumba za mbao za Kinangop, zenye nyufa unazoweza kupitisha kidole, mtu anaweza kuamini hivyo miaka yote akazeeka nayo. Mimi nilikuwa nimetujengea boksi la nyama. Makaa mekundu yanatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na ilikuwa nasi mle ndani, na raba yangu nzuri ikaizuia isitoke.

Akalala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Alisema, "Sasa ndio nasikia miguu yangu ni yangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nimekuwa nikikudanganya kwamba aliliita jina lako.

Niliamka natapika. Kichwa kilikuwa kama kinapigwa nyundo, na nilidhani ni ndengu. Nikatambaa hadi mlangoni, nikaanguka nje kwenye matope, na pale nikalala sijui kwa muda gani. Sikuwa na nguvu hata ya kuinua shingo. Nilipoweza kusimama ilikuwa alfajiri, wenye magari ya viazi wameanza kufika. Nikaingia kumwamsha. Alikuwa bado ana joto, Wambui. Nilimtikisa nikimgombeza kwamba amechelewa soko.

Kabla sijaita mtu, nililichukua jiko nikalitupa kwenye mtaro nyuma ya uwanja wa soko. Fikiria hilo. Mke wangu amelala pale, na akili yangu ya kwanza ilikuwa kuficha jiko. Hospitalini daktari akaniuliza kama kulikuwa na moto ndani. Nikasema hapana. Akataka mwili upasuliwe ijulikane, nikasema familia haitaki apasuliwe, na watu wakaniunga mkono, wakasema ni heshima. Nikawaambia alikuwa akilalamika kifua. Mtu mmoja akasema basi itakuwa presha, na mimi nikaliokota lile neno nikalishika kwa mikono miwili. Kufikia siku ya mazishi kila mtu pale kaburini alikuwa anasema presha.

Cucu wako hakusema presha. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa anafua zile sweta tatu. Akainua moja akainusa, akaniuliza, "Mlipikia wapi?" Nikasema nje. Akairudisha kwenye maji. Tangu siku ile hajawasha jiko ndani ya nyumba yake, na wewe umekua ukimcheka, mvua ikinyesha yuko nje chini ya kibati chake na mwavuli, anakoroga. Ulikuwa unasema, "Cucu anaogopa nyumba yake inuke." Sivyo. Alikuwa analinda pumzi yako, na kwa miaka yote hiyo hakunivua nguo mbele yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi kifo kilikuja, kikapita, na bado nikaendelea kuficha, hadi leo nilipoliona lile jiko na gazeti lake.

Siandiki haya ili unionee huruma. Kesho usiku utalala Njabini, umeniambia mwenyewe, ndipo utakapovunja safari. Ni uwanja uleule na mwezi uleule. Nimehesabu mara nyingi jioni hii na kila mara napata picha moja: wewe na sweta, wewe na miguu baridi, wewe unayatazama makaa mekundu ukisema moshi umeisha.

Ningeweza kulitupa jiko nikanyamaza. Lakini majiko yanauzwa kila kona, na ungenunua lingine ukifika, ukadhani baba yako amezeeka anasahau vitu. Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimechukua drili nikamtoboa Kobe, matundu manne, mawili chini na mawili juu, pale pale yule mzungu alipoyaweka. Nimeweka wavu wa panya, sikuweka vifuniko, na vile vipande nilivyovikata nimevitupa ili usishawishike kuvirudisha. Utasikia baridi. Mvua ya upande itakurushia matone usoni. Utanilaani, na nilaani tu, mradi uwe unapumua unaponilaani. Wala usidhani matundu ni ruhusa ya jiko. Hakuna idadi ya matundu inayotosha. Nimekuwekea blanketi langu zito na chupa mbili za kutia maji moto na kulaza miguuni.

La pili, jiko lako nimeliweka nje, kwenye kidaraja cha mlango wa Kobe, ambapo huwezi kuingia bila kulivuka. Kulipikia nje ni sawa. Lakini likiingia tena ndani, litakuwa limeingizwa na mtu anayejua ninachojua.

Nimeona kwenye pochi yako ile kadi ya kliniki. Kila mwaka mwezi wa kwanza unakwenda kupima presha, tangu ukiwa sekondari, kwa sababu uliambiwa iko kwenye damu. Umeacha chumvi. Umeacha mbio ulizozipenda. Mwaka jana ulinipigia ukinong'ona kama mtu aliyeponea chupuchupu, "Dadi, imetoka sawa tena," nami nikakujibu tumshukuru Mungu. Itupe hiyo kadi. Moyo wa mama yako ulikuwa mzima kabisa.

Limebaki moja, ambalo hata cucu wako halijui. Nimekwambia niliamka nikatambaa nikaanguka nje. Ni kweli, lakini sikuanguka moja kwa moja. Nilipofika kwenye kile kidaraja niligeuka nikamtazama, nikaona amelala kwa utulivu, ameacha kutetemeka. Manyunyu yalikuwa yanaingia. Nikamhurumia. Kwa hiyo niliushika mlango nikausukuma polepole hadi raba ikabana, ili baridi isimpate.

Sasa giza linaingia. Mlango wa nyumba nimeuacha wazi, mbu wote wa Thika wako humu ndani pamoja nami. Ukirudi kutoka Kimbo usibishe hodi, na kama ukishasoma hutaki kuniona, chukua pikapu uende, nitaelewa. Ila mlango usiufunge.

Baba yako.